Kura 414 kwa sifuri: kisa cha Charles Diggs, mbunge wa Detroit

Tarehe 31 Julai 1979 mbunge wa Detroit, Charles C. Diggs Jr., alisimama mbele ya wenzake katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, Spika Tip O'Neill akamsomea karipio rasmi, adhabu inayozidiwa na kufukuzwa tu. Kura zilikuwa 414 kwa sifuri. Mara ya mwisho Baraza hilo kumkaripia mjumbe wake ilikuwa 1921, kwa hiyo waliokuwa ukumbini siku ile walikuwa wakiona jambo walilolisoma vitabuni tu.

Sasa tazama hesabu nyingine. Novemba 1978 wapiga kura wa jimbo lake, la 13 la Michigan, walikuwa wamemrudisha bungeni kwa karibu asilimia 80 ya kura. Hawakudanganywa na mtu. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, mahakama ya shirikisho mjini Washington ilikuwa imemtia hatiani kwa makosa 29 ya udanganyifu juu ya mishahara ya wasaidizi wake, na habari hiyo haikuwa siri kwa yeyote. Walijua, na kura wakampa. Kwa nini?

Jibu jepesi ni kwamba watu weusi wa Detroit walimlinda mweusi mwenzao. Lina chembe ya ukweli, lakini ni jibu la mtu asiyetaka kusoma faili. Ni kweli pia kwamba kura ya mchujo ya chama cha Democratic ilipita Agosti, kabla ya hukumu, na kufikia Novemba uchaguzi uliobaki ulikuwa kati yake na mgombea wa Republican katika jimbo ambalo Republican hawakuwa na chao. Hata hivyo mashtaka yenyewe yalisomwa tangu Machi. Aliyetaka kumwacha alikuwa na miezi mitano ya kujipanga. Ili kuelewa kwa nini hawakumwacha, inabidi turudi nyuma, na turudi kwa baba yake kwanza.

Nyumba ya mazishi

Diggs alizaliwa Detroit tarehe 2 Desemba 1922. Alikuwa mtoto pekee wa Charles Diggs Sr., mhamiaji kutoka Mississippi aliyeanzisha kampuni ya mazishi iitwayo House of Diggs. Msomaji asiidharau biashara hiyo. Katika Marekani ya ubaguzi, kuzika ilikuwa miongoni mwa kazi chache ambazo mtu mweusi aliweza kuzifanya bila kumtegemea mteja mzungu wala bosi mzungu. Mwalimu akisema sana alifukuzwa. Mwenye kampuni ya mazishi, nani angemfukuza? Tena alijulikana kila mlango, maana hakuna mlango usiofikiwa na msiba. Mtu aliyekuhifadhia maiti ya mama yako kwa heshima, akakusubiri ukusanye fedha, hahitaji kujitambulisha siku anapokuja kuomba kura.

Mzee Diggs aliingia Seneti ya jimbo la Michigan mwaka 1937. Mwaka 1944 alitiwa hatiani kwa rushwa, na baadaye akatumikia kifungo. Alipotoka akagombea tena mwaka 1950, na wapiga kura walewale wakampa kiti kilekile. Maseneta wenzake wakagoma kumpokea. Kiti kikabaki wazi, ukaitishwa uchaguzi mdogo, na mwanawe akagombea akashinda. Mwaka ulikuwa 1951.

Huo ndio mlango aliopitia Diggs kijana kuingia siasani, na mimi naona nusu ya kisa chake imo humo. Nyumbani kwao ilishajulikana kwamba mahakama inaweza kukuhukumu, wakubwa wakakufungia mlango, na watu wako bado wakasema wewe ni wao. Ilishajulikana pia kwamba watu wako wana sababu ya kutoamini kila hukumu. Katika Detroit ya miaka ile polisi walikuwa karibu wote wazungu, majaji vivyo hivyo, na mwaka 1943 mji ulikuwa umelipuka kwa ghasia za rangi zilizoua watu 34, 25 kati yao weusi. Ukimwambia mkazi wa mtaa kama huo kwamba fulani amepatikana na hatia, swali lake la kwanza litakuwa: na wengine je?

Kijana alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Michigan na Fisk, akatumikia jeshi la anga wakati wa vita, akasomea kazi ya mazishi na kupata leseni. Mwaka 1954 alimng'oa mbunge mkongwe wa chama chake mwenyewe, George O'Brien, kwenye kura ya mchujo, kisha akashinda uchaguzi mkuu. Alikuwa na miaka 31. Akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwenda Kongresi kutoka Michigan. Alipoapishwa Januari 1955, katika Baraza lenye wajumbe 435 weusi walikuwa watatu: William Dawson wa Chicago, Adam Clayton Powell wa Harlem, na yeye.

Meza ya kukunja huko Sumner

Miezi minane baadaye alifanya jambo ambalo Detroit haikulisahau. Agosti 1955 kijana wa miaka 14 kutoka Chicago, Emmett Till, aliuawa Mississippi alikokwenda kuwatembelea jamaa zake. Wazungu wawili wakashtakiwa katika mji mdogo wa Sumner. Diggs akapanda kwenda kusikiliza kesi. Hakuwa na kazi yoyote ya kiserikali kule. Alikwenda ili kiti chake cha ubunge kionekane mahakamani.

Mlangoni alizuiwa. Mwandishi mmoja mweusi alichukua kadi yake akaipeleka ndani, na askari wa pale hakuamini kwamba kuna kitu kama mbunge mweusi. Ikabidi aulize, na tusi lilikuwa ndani ya swali lenyewe. Jaji aliruhusu aingie. Lakini wazungu walikuwa na viti vyao na waandishi weusi walikuwa wamepewa meza ndogo ya kukunja, ya kuchezea karata, pembeni mwa ukumbi. Mbunge wa Marekani akakalishwa hapo, ubavuni mwa waandishi, joto la Septemba likiwaunguza wote. Jopo la waamuzi, wanaume 12 wazungu, lilitoka kwa dakika 67 likarudi na jibu la kuwaachia washtakiwa. Shahidi mmoja mweusi, Willie Reed, kijana wa miaka 18 aliyethubutu kusema alichokiona na kukisikia, hakuweza tena kulala Mississippi. Diggs alisafiri naye hadi Chicago.

Nimekaa kidogo kwenye tukio hili kwa makusudi. Wanaosimulia kisa cha 1979 kwa kuanzia 1973, pale wizi ulipoanza, wanamwona mtu mmoja. Waliompigia kura 1978 walimwona pia mwingine, aliyekaa kwenye meza ile.

Mjumbe wa Afrika

Mwaka 1957 Diggs alikuwa katika ujumbe wa Marekani uliokwenda Accra kushuhudia uhuru wa Ghana, ujumbe ulioongozwa na Makamu wa Rais Richard Nixon. Baadaye akaingia Kamati ya Mambo ya Nje, na mwaka 1969 akawa mwenyekiti wa kamati ndogo ya Afrika. Kamati hiyo ilikuwa jalala. Wabunge wenye ndoto kubwa hawakuitaka. Yeye aliigeuza kuwa mahali ambapo kampuni za Marekani zilizokuwa zikifanya biashara Afrika Kusini ziliitwa zijieleze hadharani: mnawalipa weusi kiasi gani, na weupe kiasi gani?

Desemba 1971 serikali ya Nixon ilikubaliana na Ureno kuendelea kutumia kituo cha kijeshi cha visiwa vya Azores, na kwa malipo Ureno ikafunguliwa mikopo na misaada ya zaidi ya dola milioni 400. Ureno wakati huo ilikuwa vitani Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Kwa wasomaji wa Tanzania hilo halihitaji maelezo marefu: FRELIMO ilikuwa na ofisi Dar es Salaam na kambi Nachingwea, na majeruhi wake walivuka Ruvuma. Diggs alikuwa mjumbe wa Marekani katika Umoja wa Mataifa mwaka huo. Alijiuzulu ujumbe huo akiishutumu serikali yake kwa unafiki.

Mwaka huohuo Kongresi ilipitisha kifungu cha Byrd kilichoruhusu kununua madini ya kromu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ilhali Umoja wa Mataifa ulikuwa umeiwekea Rhodesia vikwazo na Marekani yenyewe ilivipigia kura. Diggs na wenzake wakaishtaki serikali. Mahakama ya rufaa ya Washington mwaka 1972 ilikubali kwamba wana haki ya kufika mahakamani, lakini ikasema Kongresi ikitaka kuvunja mkataba, inaweza. Kifungu hicho kilifutwa 1977.

Mengine nayapitia haraka. Mwaka 1971 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa umoja wa wabunge weusi, wakiwa 13 tu, waliosusia hotuba ya Nixon hadi alipokubali kukutana nao, nao wakampelekea madai 60. Kama mwenyekiti wa kamati iliyosimamia mji wa Washington alisukuma sheria ya 1973 iliyowapa wakazi wa mji mkuu, wengi wao weusi, haki ya kumchagua meya na madiwani wao, haki waliyoikosa kwa karibu miaka 100. Na mwaka 1976 yeye na Andrew Young waliitisha mkutano uliozaa TransAfrica, chombo cha kuisemea Afrika ndani ya Washington. Mkurugenzi wake wa kwanza, Randall Robinson, alikuwa msaidizi katika ofisi ya Diggs.

Fedha zilivyotembea

Wizi wenyewe haukuwa wa kiufundi. Kila mbunge hupewa fungu la kuajiri wasaidizi. Katika miaka ile alijipangia mwenyewe nani alipwe nini, na mradi fomu imesainiwa, hakuna aliyekuja kuhesabu vichwa ofisini. Mshahara wa mbunge mwenyewe mwaka 1973 ulikuwa dola 42,500, fedha nzuri kwa mtu asiye na madeni. Diggs alikuwa nayo. Baba alikwisha kufa, kampuni ya mazishi ilikuwa inayumba, na gharama za familia na za ofisi zilikuwa zimepita kipato.

Kwa hiyo, kuanzia 1973, mishahara ya baadhi ya wasaidizi ilipandishwa kwenye karatasi. Msaidizi wa karibu alipokea hundi nono, akaitoa fedha, akabaki na sehemu yake, na inayobaki akainunulia hawala za fedha za kulipia bili za bosi: nyingine za ofisi, nyingine za nyumbani, nyingine za kampuni ya mazishi. Kulikuwa na mtindo wa pili, ule ambao huku kwetu tungeuita wa wafanyakazi hewa, ingawa hawa walikuwa na kazi, ila mahali pengine: walikuwa kwenye orodha ya mishahara ya Kongresi, na kazi yao hasa ilikuwa katika House of Diggs, Detroit. Mlipa kodi wa Marekani alikuwa akiwalipa watunza vitabu vya nyumba ya mazishi.

Kwa kuwa hundi zilisafirishwa kwa posta, waendesha mashtaka walimkamata kwa sheria ya udanganyifu kwa njia ya posta: makosa 11. Makosa 18 yaliyobaki yalikuwa ya kutoa taarifa za uongo kwenye fomu za mishahara. Watu wazito walikuja kumsemea tabia njema mahakamani, akiwemo Andrew Young, wakati huo balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa, na Coretta Scott King, mjane wa Martin Luther King. Haikusaidia. Tarehe 7 Oktoba 1978 akatiwa hatiani kwa yote 29, na Novemba jaji Oliver Gasch akamhukumu miaka mitatu, siku chache baada ya Detroit kumchagua.

Utetezi wake ulikuwa kwamba nyongeza zile zilikuwa mali ya wasaidizi, walitoa kwa hiari, na nyingi zilikwenda kwenye kazi za ofisi. Hoja ya mwisho ina uzito kidogo: bili za ofisi ya Detroit zilikuwa bili za kweli. Hoja ya hiari haina uzito wowote. Msaidizi anayepandishiwa mshahara akiambiwa papo hapo nyongeza itakwenda wapi, hiari yake iko wapi? Mahakama ya rufaa iliona vivyo hivyo Novemba 1979.

Nani wa kumtoa

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu. Januari 1979 Diggs alirudi Washington akiwa mfungwa mtarajiwa na mbunge halali kwa wakati mmoja. Rufaa yake ilikuwa bado.

Je, Baraza lingeweza kukataa kumwapisha, kama Seneti ya Michigan ilivyomfanyia baba yake? Hapana, na sababu ni Adam Clayton Powell. Mwaka 1967 Baraza lilimfungia mlango Powell kwa tuhuma za kutumia vibaya fedha za umma, na mwaka 1969 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba mtu aliyechaguliwa, akiwa ametimiza umri, uraia na ukaazi, hazuiwi nafasi yake. Kumfukuza akishaapishwa kunawezekana, lakini kwa theluthi mbili ya kura. Hadi siku hiyo Baraza lilikuwa limewafukuza watu watatu tu katika historia yake yote, wote mwaka 1861, wote kwa kujiunga na waasi wa Kusini.

Mbunge mgeni kutoka Georgia, Newt Gingrich, aliyekuwa na wiki chache tu bungeni, akataka awe wa nne. Hoja yake ilikuwa kwamba aliyehukumiwa hana haki ya kupiga kura juu ya sheria za wengine. Machi 1979 hoja hiyo ikapelekwa kamati ya maadili kwa kura 322 dhidi ya 77, yaani iliwekwa kando kwa adabu. (Gingrich mwenyewe, akiwa Spika, aliadhibiwa na Baraza hilohilo mwaka 1997 akalipishwa dola 300,000. Siasa haina haraka.)

Kamati ya maadili ikapata mapatano. Diggs akakiri kwamba alijinufaisha kwa dola 40,031.66, akakubali kuzirudisha pamoja na riba, na akakubali karipio. Ile 414 kwa sifuri ilitokana na hapo: ilikuwa kura ya makubaliano, si ya ghadhabu. Waliotaka afukuzwe walipata aibu yake mbele ya watu, na waliotaka uamuzi wa Detroit uheshimiwe walipata kiti chake.

Kwa maoni yangu Baraza liliamua sawasawa. Mahakama ilikuwa inamshughulikia kwa jinai, na ndiko kulikokuwa na meno. Kufukuzwa na theluthi mbili ya wabunge wa majimbo mengine kungekuwa kuwaambia wakazi wa jimbo la 13, kwa mara ya pili katika familia hiyohiyo, kwamba kura yao inahitaji kupitiwa na wengine. Lakini wapiga kura nao walilipia uamuzi wao. Mbunge waliyempata 1979 hakuwa yule waliyemkumbuka. Viti vyake vyote viwili vya uenyekiti, cha mji wa Washington na cha Afrika, vilikuwa vimemtoka. Walimchagua mtu mwenye kiti kisicho na nguvu.

Na walioumia zaidi huenda hawakuwa Detroit. Tazama kalenda. Nusu ya kwanza ya 1979 Washington ilikuwa inabishana kama vikwazo vya Rhodesia viondolewe sasa kwa kuwa Askofu Muzorewa ameshinda uchaguzi uliopangwa na serikali ya wazungu ya Ian Smith. Juni Rais Carter akaamua vibaki. Tarehe 1 Agosti, siku moja baada ya karipio, viongozi wa Jumuiya ya Madola walianza mkutano Lusaka, Kaunda akiwa mwenyeji na Nyerere akiwa mmojawapo, na hapo ndipo njia ya kwenda Lancaster House, mazungumzo ya London yaliyozaa uhuru wa Zimbabwe, ilipofunguliwa. Mtu aliyekaa miaka kumi kwenye uenyekiti wa Afrika akipigana na kromu ya Rhodesia, wakati huo alikuwa anahesabu atakavyorudisha dola 40,031.66. Kamati ilikuwa chini ya Stephen Solarz wa New York, ambaye kazi aliifanya. Lakini sauti iliyojenga kamati ile haikuwa na pa kusimama.

Mahakama Kuu ilipokataa kusikiliza rufaa yake, Diggs alijiuzulu, tarehe 3 Juni 1980. Alitumikia miezi saba katika gereza la Maxwell, Alabama. Kiti chake kilichukuliwa na George Crockett, jaji mstaafu. TransAfrica iliendelea bila yake: Novemba 1984 Robinson na wenzake walikamatwa ndani ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington, maandamano yakafuata kwa miezi, na mwaka 1986 Kongresi ikapitisha sheria ya vikwazo dhidi ya Afrika Kusini licha ya Rais Reagan kuikataa kwa turufu.

Diggs alipotoka gerezani alimalizia shahada yake katika Chuo Kikuu cha Howard, kisha akafungua biashara ya mazishi Prince George's, Maryland, nje kidogo ya Washington. Mwaka 1990 akaomba kura tena, safari hii za bunge la jimbo la Maryland. Wengi wa wakazi wa eneo hilo walikuwa weusi kama wa Detroit, kwa hiyo wale wenye jibu jepesi la rangi wangetarajia apite. Alishindwa. Watu wa pale walisoma rekodi yake kama ilivyoandikwa. Hakuwa amewazikia wazazi wao. Alifariki tarehe 24 Agosti 1998 akiwa na miaka 75.